Gogo la kwa Emerensiana

Ukitaka kumkasirisha Emerensiana, mwambie kwamba kakao ni kama mpunga: unavuna, unaanika, unauza. Atakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, kisha atakuuliza kama kwenu wali unaiva kwa kuanikwa. Kakao inavundikwa kwanza. Unapasua matunda kwa rungu, si kwa panga, maana panga linajeruhi punje. Unamwaga punje mbichi pamoja na ute wake mweupe ndani ya sanduku la mbao, unafunika kwa majani ya mgomba na magunia, halafu unaliacha sanduku lifanye kazi. Linapata joto lenyewe bila moto. Ukitia mkono ndani unahisi joto la mtu mwenye homa, na harufu yake mwanzo ni ya pombe, baadaye ya siki, mwisho ndiyo inakuja ile ambayo Wazungu wanaifuata.

Masanduku ya kikundi kizima cha Makorongo yalikaa katika banda nyuma ya nyumba yake, na yeye ndiye aliyekuwa mvundikaji. Banda lile si watu wote walioweza kuingia peke yao. Ukisimama kimya unasikia masanduku yanapumua, moja baada ya jingine, kama ndugu waliolala chumba kimoja. Siwema, jirani yake, alikuwa akifika mlangoni anapiga hodi hata akijua hamna mtu ndani. Emerensiana alimcheka, lakini na yeye alikuwa akiyasalimia. Sanduku la pembeni kabisa alilitengeneza marehemu mumewe, Sylvanus, na herufi S ya kisu chake ilikuwa bado inaonekana ubavuni.

Makorongo ni kitongoji cha mtoni. Ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba kuna mahali unaiacha barabara, unaingia kwenye matope meusi, na kama dereva wa bodaboda ni mwungwana atakufikisha. Kama si mwungwana atakushusha kwenye matete akakwambia mbele si mbali. Kwa miaka kakao yao ilinunuliwa na walanguzi wa malori kwa bei aliyoamka nayo mlanguzi siku hiyo. Ndipo mtengenezaji mmoja mdogo wa chokoleti huko Ulaya alipoonja punje za Emerensiana, akasema hizi nazitaka, tena kontena zima, kwa jina la Makorongo. Watu walicheka siku hiyo mpaka Mzee Beno, mwenyekiti wa kikundi, akasahau kufunga mkutano kwa sala.

Basi yakaja masharti. Ulaya siku hizi hawataki kakao iliyopandwa palipokatwa msitu baada ya mwaka elfu mbili na ishirini. Kila shamba lizungukwe na simu inayochora ramani, kila mwenye shamba aulizwe, na shamba moja likikataliwa, mzigo wote haupandi meli, kwa sababu punje zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha. Makorongo hawakuwa na wasiwasi. Msitu upi wangekata wao, watu wa matete na mikuyu?

Hapo sasa kuna neno moja lazima tuelewane. Mimi nipo mbali na maji, kwa hiyo nitalisema wazi: mamba. Watu wa Makorongo hawalitamki. Wanasema gogo. Mama anamwambia mtoto, usichote hapo kuna gogo. Mpiga kasia anawaambia abiria, kaeni katikati, naona magogo mawili. Si kwamba hawajui tofauti ya mti na mnyama, wanaijua kuliko wewe. Ni kwamba mnyama yule, kwa imani yao, ana jina moja tu na masikio mazuri, na anayeitwa huja.

Sylvanus aliitwa mjinga na ndugu zake kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa mtu wa vitu vipya. Ndiye aliyeleta miche ya kakao Makorongo wakati wenzake wanalima mpunga tu, na ndiye aliyeanza kutafuta mnunuzi wa mbali. Masika ya mwaka wa ishirini na moja, akiwa kwenye mtumbwi na gunia la sampuli mapajani, simu yake iliita. Mtu wa mjini alitaka kujua kwa nini mzigo unachelewa. Sylvanus akamjibu kwa sauti kubwa, maana mtandao ulikuwa unakatika, "Bwana, mto umejaa, na una mamba." Shilinde, mpiga kasia, Msukuma aliyehamia bondeni na kuzishika mila za mto kuliko wenyeji, aliacha kupiga kasia akamtazama. Jioni ileile Sylvanus alishuka gatini kunawa miguu, hakupanda tena. Walichokipata ni kofia.

Shilinde alikuja msibani akasimama uani bila kuketi. "Mama, nisamehe kukwambia," alisema. "Alilitamka. Tukiwa katikati ya maji."

Emerensiana hakulia. Alipata hasira kwanza, hasira ya mke ambaye amekanya mara mia. Padre alipokuja kuuliza marehemu amefariki kwa nini, alijibu, "Amechukuliwa na gogo," na padre, mgeni kutoka nyanda za juu, akaandika kwamba Sylvanus aliangukiwa na gogo. Hakuna aliyemsahihisha. Kumsahihisha kungehitaji lile neno, na nani angelisema, gati likiwa palepale chini ya shamba? Matanga hayakufanyika. Mwili haukuwepo, na chanzo cha kifo hakikuweza kutajwa. Ndugu walikula ugali wakatawanyika.

Maji yalipopungua, gatini palikuwa na gogo.

Lilikuwa limelala nusu kwenye matope na nusu kwenye matete, jeusi, lenye magamba ya udongo mkavu. Masika yaliyofuata mto ulipanda ukalifunika, kiangazi ukashuka ukaliacha. Halikusogea. Yalikuja mengine na kuondoka, hilo lilibaki. Ndege yangeyange hutua popote mtoni, lakini juu ya lile hawakutua. Hakuna aliyewahi kuliona likitikisika, ila Emerensiana, anayelitazama kila siku kutoka ukingoni juu, alijua kwamba asubuhi nyingine kichwa kimeelekea maji, na asubuhi nyingine kimeelekea shamba. Watu walianza kuliita gogo la kwa Emerensiana. Hakupenda, lakini hakukataa. Mara nyingine alijikuta akilisimulia habari za siku, kakao imekuwaje, nani kaoa. Halafu anashtuka, anaondoka bila kugeuza mgongo.

Huyo ndiye mwanamke aliyeulizwa maswali.

Mkaguzi aliitwa Faustino. Si mtu mbaya, tuelewane mapema. Alifanya kazi na mradi wa kuwasaidia wakulima wadogo wauze wenyewe Ulaya badala ya kumtegemea mlanguzi, na kazi hiyo aliipenda. Ila alikuwa mtu wa Rombo, na mito ya kwao unaivuka kwa kuruka. Siku aliyofika, Edna hakuwepo. Edna ni binti wa kaka yake Emerensiana, amekulia Ifakara mjini, amesoma kilimo, sasa anaishi na shangazi yake, na ndiye mwandishi wa kikundi; alikuwa amekwenda mjini kufuata magunia. Angekuwepo, hadithi hii isingekuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na matope."

Walizunguka shamba, Faustino mbele na simu yake mkononi, Emerensiana nyuma, Mzee Beno nyuma zaidi akihema. Upande wa mtoni walipita juu ya ukingo, wala hawakushuka. Walipomaliza, Faustino aliitazama simu akakunja uso. Mstari wa buluu ulikuwa umefuata mipaka vizuri, lakini ulipofika upande wa gati ulishuka, ukaingia kwenye maji, ukakaa humo, kisha ukapanda tena.

"Hatukwenda huku," alisema.

"Hatukwenda," Emerensiana alisema.

"Setilaiti huyumba kukiwa na mawingu."

Emerensiana alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Alifurahi walipogeuka kurudi nyumbani.

Waliketi barazani kwa maswali. Sasa watu wa bonde hili wamezoea kuulizwa. Kule Namawala na vitongoji vya jirani watafiti wa malaria wamewauliza tangu babu zao, mmelala wangapi, chandarua kina matundu mangapi, mbu aliuma saa ngapi. Wamejifunza kujibu kilichoulizwa na kunyamaza. Faustino aliuliza vizuri, nao wakamjibu vizuri.

"Mama, naona kule chini kuna gogo."

"Lipo."

"La siku nyingi?"

"Tangu maji ya mwaka wa ishirini na moja yalipopungua."

"Na mengine?"

"Kiangazi huwa mengi. Yanalala kingoni, huku na ng'ambo."

"Anayaleta nani?"

"Nani wa kuyaleta? Yanakuja na mto."

"Na yanaondoka lini?"

"Usiku. Asubuhi unakuta hayapo."

Vidole vya Faustino vilisimama juu ya simu. Mzee Beno, akitaka kusaidia, aliongeza, "Zamani yalikuwa machache. Siku hizi yamezidi. Tulipeleka taarifa wilayani, wakaja askari wa pori na bunduki, wakakaa siku mbili, hawakuona kitu. Wanajua kujificha."

"Nani wanajua kujificha?"

Mzee Beno alikohoa akatazama mtoni.

"Na baba wa hapa?" Faustino aliuliza, sauti imeshuka.

"Alichukuliwa na gogo."

"Pole sana, mama. Mwaka gani?"

"Huohuo. Masika."

Faustino alifunga simu taratibu. Alikataa chai. Kwenye bodaboda aligeuka mara moja kumtazama yule mama barazani, na Emerensiana alidhani ni huruma.

Ujumbe wa mradi ulimkuta Edna Ifakara, sokoni. Mzigo wa Makorongo umesimamishwa. Shamba la Emerensiana lina dalili za ukataji wa magogo baada ya mwaka wa ishirini, magogo husafirishwa usiku kwa njia ya maji, na mume wa mwenye shamba alifariki katika kazi hiyo. Chanzo cha taarifa: mwenye shamba mwenyewe.

Edna alifika Makorongo jua likiwa bado lipo, matope mpaka magotini. "Shangazi, umemwambia nini huyu mtu?"

Emerensiana alimweleza, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Edna alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Halafu akaona shangazi yake hacheki, naye akaacha.

Alimpigia Faustino palepale, sauti ya simu ikiwa wazi. "Kaka, gogo huku maana yake ni mamba. Ni lugha tu ya watu wa mtoni." Emerensiana aliposikia neno lile likitamkwa uani kwake alishika nguzo ya baraza.

"Dada Edna," Faustino alijibu, na ilisikika kwamba hata yeye haipendi kazi yake wakati huo, "mimi nimetembea mikoa mingi. Watu wakishajua wamekosea, maneno hubadilika maana. Wewe ni mwandishi wa kikundi, una masilahi. Aliyenieleza habari ya magogo ni mama. Nitakuja tena. Nitalitazama lile gogo kama lina alama za msumeno, na mama mwenyewe, kwa mdomo wake, aniambie ni kitu gani. Akiniambia ni mnyama nitaandika mnyama. Vinginevyo, mikono yangu imefungwa."

"Umesikia, shangazi? Neno moja tu."

"Nimesikia."

"Utamwambia?"

"Sitamwambia."

Edna alimwomba waende mjini, akalisemee huko kwenye lami. Emerensiana alimuuliza, akishalisema na kurudi, atakuwa anaishi wapi? Atalala wapi, atachota maji wapi? "Unaliona jepesi kwa sababu hukuzaliwa hapa," alisema. "Mume wangu alilitamka kwa ajili ya kakao hiihii. Mtu wa soko alimuuliza swali, akalijibu. Sasa mtu wa soko mwingine ananiuliza mimi. Likija safari hii litamchukua nani, Edna? Nyumba hii imebaki na mimi na wewe."

Edna alikwenda kufunika kakao kwenye vichanja vya kuanikia.

Wanakikundi hawakumlazimisha, na hilo ndilo lililomwumiza. Walikuja mmoja mmoja, wakaketi barazani, wakauliza habari za kuku. Siwema alileta vitumbua akasema vimebaki tu. Mzee Beno alisema, "Mwanangu, sisi wote tunakaa mtoni. Hatukusukumi." Kwenye barabara kuu lori la mlanguzi lilianza kupita polepole, habari husafiri. Masanduku bandani yalikuwa yamejaa, yanapumua, na kakao haingoji uamuzi wa mtu.

Faustino alirudi mchana, jua likiwa kali na mto umenyooka bila wimbi. Alimwamkia, akaitikiwa. Hakuketi.

"Mama, lile gogo ni nini?"

Emerensiana alifungua kinywa. "Gogo ni gogo," alisema, na macho yakamjaa machozi kwa aibu.

"Basi, mama. Sikulaumu." Faustino aliitikia kwa kichwa, akaitia simu mfukoni, akaanza kutelemka kuelekea gatini. "Nitakwenda kuliona mwenyewe. Kama limeng'oka na mizizi, vizuri. Kama limekatwa, mwisho wake utaonyesha."

Edna, aliyekuwa kwenye vichanja akigeuza kakao, alitupa reki. "Kaka Faustino, usishuke! Ni mamba huyo!"

Faustino aliinua mkono bila kugeuka. Kwa Edna alishalisikia neno hilo.

Na gogo halikutikisika. Edna alilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na juu ya mto mzima hakuna kilichosogea, wala jani. Chini pale lilikuwa limelala kama lilivyolala miaka yote, udongo mkavu mgongoni, kichwa kimeelekea shamba. Hata Edna kwa kitambo alianza kufikiri labda ni mti kweli, labda watu wa Makorongo wamekuwa wakiuogopa mti.

Emerensiana alishuka. Hakujua kama anashuka mpaka alipohisi matope ya gati kwenye nyayo, matope ambayo hakuyakanyaga tangu mwaka ule. Faustino alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika matete, mwingine umenyooka mbele kutafuta mwisho wa lile gogo ili ahisi msumeno ulipopita. Na Emerensiana akawaza kitu cha ajabu. Aliwaza kwamba Sylvanus naye aliinama hivyo, na hakuna aliyemwita kutoka nyuma.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu mezani. "Faustino, mwanangu. Rudi nyuma. Ni mamba. Ndiye aliyemchukua Sylvanus."

Jicho lilifunguka.

Lilikuwa la rangi ya majani makavu, na lilikuwa karibu sana na mkono wa Faustino, lakini halikumtazama Faustino. Lilimpita, likamwona Emerensiana, likakaa juu yake. Mkaguzi alianguka kinyumenyume akaketi matopeni bila sauti. Yule mnyama alikaa hivyo akimtazama mwanamke kwa muda ambao baadaye kila mmoja aliusimulia tofauti. Kisha akageuka bila haraka, akaingia majini, na maji yakafunga juu yake bila hata kuchafuka. Pale alipokuwa amelala palibaki bonde dogo la matope matupu lisilo na jani hata moja.

Edna ndiye aliyewapandisha juu. Faustino alikunywa chai safari hii, vikombe viwili, mikono miwili. Alizunguka shamba upya kabla hajaondoka, na mstari wa buluu ukapita juu ya ukingo moja kwa moja, haukugusa maji. Aliandika alichoambiwa na alichokiona, na mzigo ukaruhusiwa. Alipomuaga Emerensiana alisema, "Mama, niwie radhi," na Emerensiana akamjibu hakuna shida, lakini mawazo hayakuwa kwake. Alikuwa anasikiliza mto.

Usiku ule walilala chumba kimoja yeye na Edna, meza ikiwa imesukumwa mlangoni. Mbwa hakubweka. Hakuna walichosikia.

Asubuhi umande ulikuwa mzito uani, na katikati ya umande kulikuwa na njia. Ilianzia gatini, pana, imelaza majani yote upande mmoja kama gunia limeburutwa. Ilipita kati ya mikakao bila kuvunja tawi. Iliingia bandani, ikazunguka masanduku, ikatoka. Ilikuja mpaka mlangoni kwao. Hapo mbele ya kizingiti palikuwa na sehemu ndefu, kavu, ambayo umande haukuanguka, kwa sababu kitu kilikuwa kimelala hapo umande ulipokuwa unaanguka. Kisha njia ilirudi mtoni.

Mzee Beno alikuja na fimbo yake, akatazama, akavua kofia. "Aliitwa, akaja," alisema. "Kakuta mlango umefungwa, karudi. Kuku wamo?"

Kuku walikuwemo wote. Mbuzi alikuwepo. Edna alichukua fagio aifute ile alama kabla watu hawajajaa. Emerensiana alimnyang'anya fagio akaliegemeza ukutani.

"Acha," alisema. "Mtu akija kuaga hafagiliwi nyayo."

Edna aliiruka ile alama akamfuata.

Waliingia bandani pamoja. Masanduku yalikuwa yanapumua kama kawaida, na Emerensiana alitia mkono katika kila moja, moto, moto, moto. Alipofika kwenye sanduku lenye herufi S alisimama. Halikuwa na sauti. Alifunua magunia, akafunua majani ya mgomba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kakao ile ilikuwa katikati ya kuvundikwa, joto lake lilipaswa kuwa halivumiliki. Ilikuwa baridi. Majani hayakuwa yameguswa, punje hazikuwa zimepungua hata moja. Joto tu ndilo lililokuwa limeondoka.

Hapo ndipo alipolia. Alilia ameegemea lile sanduku, mkono bado umo ndani, akimwita mumewe kwa jina, akimwambia kwamba alimkanya, kwamba alimkasirikia, kwamba kakao imekubaliwa. Wanawake walisikia wakaja, na Siwema safari hii hakupiga hodi. Waliketi chini wote wakalia naye, na wanaume wakawasha moto uani. Matanga ya Sylvanus yalianza hivyo, bila kupangwa, miaka minne baada ya kofia. Kakao ya sanduku lile waliipeleka gatini wakaimwaga mtoni. Pale gatini halikuwepo gogo, wala halikuonekana tena.

Kontena liliondoka. Wiki chache baadaye Edna alikuja amekaa nyuma ya bodaboda, simu mkononi. Yule mtengenezaji wa chokoleti alikuwa ameupokea mzigo, ameufurahia, ila ni mtu wa kufuatilia: orodha ya shamba la Emerensiana ilionyesha kakao ya sanduku moja zaidi ya iliyofika. Je, kulikuwa na tatizo? Punje zimekwenda wapi?

"Nitamwandikia ni hasara ya kawaida," Edna alisema. "Wanaelewa."

Emerensiana alikuwa kwenye kichanja, anageuza kakao mpya. Aliendelea kugeuza mpaka akafika mwisho wa mstari.

"Mwambie ukweli," alisema. "Mwandikie imechukuliwa na mamba."

Alilisema juani, mto ukiwa palepale chini, na sauti yake haikupungua. Edna alimtazama, kisha akaandika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Sasa niandikie na karatasi nyingine, niipeleke kwa padre."

"Ya nini?"

"Ya Sylvanus," Emerensiana alisema. "Andika hivyohivyo."